Kosa dogo ndilo lianze, si sura

Aprili 2020, karantini imepamba moto hapa Uingereza, nilikuwa natembea kwenda zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Saa tatu na nusu, barabara tupu. Vijana wanne wa Kizungu walikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, bega kwa bega, wakipokezana chupa. Gari la polisi likawapita, likaja kusimama kwangu. Nikatoa barua ya kazi, mkono unatetemeka. Askari akaimulika tochi, akaisoma hadi chini, akaniuliza tena natoka wapi, ndipo akaniruhusu.

Ndugu zangu, sipingi polisi kufuatilia makosa madogo. Naunga mkono, tena sana. Peter Sutcliffe, aliyekuja kuhukumiwa kwa kuua wanawake 13, alishahojiwa mara tisa na kuachiwa. Kilichomponza ni namba za gari. Tarehe 2 Januari 1981, mjini Sheffield, askari wa doria waligundua gari lake lina namba bandia. Akaomba akajisaidie haja ndogo, akaingia gizani kidogo, akarudi. Usiku uliofuata sajenti mmoja jambo lile likamsumbua, akarudi palepale, akakuta nyundo na kisu alivyovificha Sutcliffe.

Watafiti, akiwemo mtaalamu wa uhalifu Ken Pease, walilipima jambo hili, kwamba kosa dogo hufichua kubwa, huko Huddersfield, mji wa Uingereza, kwa kuangalia magari yaliyoegeshwa kinyume cha sheria kwenye nafasi za walemavu. Ripoti yao ya 1999 inasema gari moja kati ya matano lilistahili kufuatiliwa na polisi papo hapo. Kwa magari ya jirani yaliyoegeshwa sawasawa, ni 2 tu kwa 100. Anayedharau sheria kubwa hahangaiki na ndogo.

Wakati wa korona mbinu hii ingefaa zaidi. Karibu kila mtu alikuwa kajifungia. Aliyekusanyika nje bila sababu alikuwa kajitokeza mwenyewe. Wengi wangekuwa wamechoka tu kukaa ndani, wangeonywa au wangepigwa faini na kwenda zao. Lakini jina lingepitishwa kwenye kompyuta, huenda angekuwapo anayetafutwa kwa jambo zito. Asingechaguliwa kwa sura, kitendo chake ndicho kingemchagua.

Hapo ndipo panaponiuma. Julai 2020 baraza la wakuu wa polisi lilitoa takwimu za England na Wales: ukilinganisha na idadi ya watu, sisi tusio Wazungu tulipigwa faini za korona mara 1.6 ya Wazungu. Mimi sikuwa nimevunja chochote. Zile ngazi zilikuwa hatua chache tu nyuma yangu, na chupa ilikuwa bado inazunguka.