Siku Niliyomsomea Mwalimu Jalada la Shamba

Mwaka 2009 nilikuwa nikifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mjini Fargo, North Dakota, kazi inayowapa riziki wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki na kuangukia upande ule wa Marekani. Mmoja wa wazee niliopangiwa alikuwa mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 87, mjukuu wa Wanorwei waliohamia mbugani katika karne ya 19. Yeye alitaka nimwite kwa jina lake tupu. Malezi yangu yakanikatalia, tukakubaliana nimwite Mwalimu. Macho yake yalikuwa yameharibika kwa namna ya ajabu: aliona kingo za kitu lakini si katikati yake, hivyo mlango na dirisha aliviona, ila maandishi yalimshinda kabisa. Barua zake zote nilimsomea mimi.

Jumapili moja ya Oktoba alinikalisha kwenye meza ya chakula, akanisogezea bahasha nene iliyofika katikati ya wiki. Ndani yake mlikuwa na nakala za jalada la shamba la babu yake, zilizoagizwa na binti wa ukoo wao kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington. Mwalimu hakutaka kusomewa siku ya kazi, kwa haraka haraka. Alisubiri Jumapili, tukamaliza kula, akasema sala ya mezani kwa Kinorwei kama alivyofundishwa utotoni, ndipo akaniambia nifungue.

Habari za babu huyo nilikuwa nimeshazisikia mara nyingi. Alizaliwa magharibi mwa Norwei, nchi ambayo ardhi yake inayolimika ni kama asilimia 3 tu, na katika ukoo wao shamba lilikuwa la kaka mkubwa. Mdogo mtu alibaki kuwa mpangaji wa kibanda, akikilipia kwa siku za kazi katika shamba la mwenyewe. Alivuka bahari na mke wake, akafika katika bonde la Mto Red, kwenye eneo ambalo leo ni wilaya ya Traill, wakati North Dakota ilikuwa bado haijawa jimbo. Akalima mbuga, akajenga nyumba ya udongo, akapata hati ya ardhi, kisha akafariki akiwaachia watoto shamba. Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa. Picha yake ilitundikwa sebuleni katika fremu nzito iliyochongwa. Ya mke wake ilikuwa kwenye ujia, karibu na swichi ya taa.

Sheria iliyowavuta watu wa aina yake ilikuwa Sheria ya Homestead, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862. Kwa ada ya jumla isiyozidi dola 18, mtu aliyetimiza miaka 21 au aliyekuwa mkuu wa kaya, awe raia au awe ametangaza nia ya kuwa raia, aliweza kuandikishiwa ekari 160. Ilimpasa kuishi juu ya ardhi hiyo kwa miaka mitano, kujenga nyumba na kulima, kisha arudi ofisi ya ardhi na mashahidi wawili kuthibitisha. Mimi niliyekulia Iringa, ambako ekari tano ni shamba la mtu wa kuheshimika, nilikuwa nikiisikia hiyo 160 kama hadithi, hadi nilipoona kwa macho jinsi nchi ile ilivyo bapa, kwa kuwa zamani za kale ilikuwa sakafu ya ziwa, na jinsi udongo wake ulivyo mweusi.

Karatasi ya kwanza niliyoisoma ilikuwa tamko la babu la nia ya kuwa raia, ambamo aliahidi kuukana utii wote kwa Mfalme wa Sweden na Norwei, maana nchi hizo mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja hadi 1905. Mwalimu alicheka sana, akasema Mnorwei yeyote angemkana mfalme wa Sweden bila hata kupewa ardhi. Ya pili ilikuwa ombi la shamba, la masika ya 1882. Jina la familia lilikuwa limeandikwa kwa tahajia tatu tofauti katika kurasa hizo chache, kila karani na sikio lake.

Kisha nikafika kwenye fomu ya uthibitisho, ya mwaka 1887. Fomu hiyo ni orodha ya maswali yaliyochapwa, na majibu yakajazwa kwa wino. Jina na umri wako? Nikasoma jina. Mwalimu akanikatiza, akasema hilo ni jina la bibi yake, nitazame vizuri. Nilitazama, lilikuwa hilo hilo, na mbele yake neno moja: mjane. Nikaendelea polepole. Aliyeandikisha ardhi hii alifariki Februari 1884, na anayethibitisha ni mke wake, kama sheria ilivyomruhusu mjane kumalizia miaka iliyobaki. Kaya yake ina watu gani? Yeye mwenyewe na watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja. Mvulana huyo, aliyezaliwa 1883, ndiye baba yake Mwalimu.

"Rudia," akasema. Nikarudia. Akaniuliza kama ni mashahidi waliosema hivyo au ni bibi mwenyewe. Nikamwonyesha sahihi chini ya ukurasa, nikakumbuka kwamba haoni, nikamweleza: herufi kubwa zilizolala upande mmoja, zilizoandikwa na mkono uliozoea kalamu. Hilo halikumshangaza, kwa kuwa Norwei ilifanya kipaimara kuwa lazima tangu 1736, na asiyejua kusoma alipata shida kukipata. Kilichomkera ni kwamba bibi huyu alimfahamu, alikaa naye jikoni akiwa mtoto, akasimuliwa jinsi walivyosokota nyasi kavu ziwe kuni kwa sababu mbuga haikuwa na miti, na jinsi plau ilivyokata ardhi katika vipande virefu vilivyoshikwa na mizizi, vikapangwa kuwa kuta. Kuhusu ofisi ya ardhi hakusimuliwa hata neno moja. "Na baba alijua," akasema. "Haiwezekani asijue."

Tuliendelea na majibu. Nyumba: ya udongo wa nyasi, futi 14 kwa 16, mlango mmoja, madirisha mawili. Banda la ng'ombe, kisima, maksai wawili, plau moja. Swali la siku ambazo familia haikuwepo lilijibiwa kwamba marehemu mume aliondoka miezi ya mavuno kwenda kufanya kibarua cha fedha taslimu, mke na watoto wakabaki. Wengi walifanya hivyo, kwa sababu katika bonde lile lile kulikuwa na mashamba ya matajiri kama lile la Oliver Dalrymple karibu na Casselton, yenye maelfu na maelfu ya ekari za ngano, na mwenye ekari 160 asiye na senti alikwenda kumvunia mwenye ekari elfu. Kulikuwa pia na swali la kama kuna dalili za makaa ya mawe, chumvi au madini. Mjane alijibu kwamba hakuna.

Nilimwuliza Mwalimu kama palikuwa na swali la nani aliishi pale kabla. Alijua jibu, kwani alilifundisha: mwaka 1863, huko Old Crossing, Waojibwe wa Red Lake na Pembina, wenyeji wa asili wa nchi ile, walitia saini mkataba uliowatoa katika zaidi ya ekari milioni 10 za bonde hilo, miaka 19 tu kabla babu yake hajaandikisha shamba. Alisema nyumbani kwao jambo hilo halikuzungumzwa, kama ambavyo la bibi halikuzungumzwa, ila hili la kwanza alilikuta vitabuni. Sikuongeza kitu. Kwetu nimeona mashemeji wakigawana shamba la mjane kabla tanga halijaanuliwa, na wakati nikisoma fomu ile nilikuwa namfikiria zaidi yule mwanamke na watoto wake watatu.

Jioni alifika mtoto wa marehemu kaka yake, mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye ndiye aliyekuwa akilima shamba lile wakati huo. Alivua kofia, akasoma jalada akiwa amesimama. Jina la mjane alilipita kwa "hm" moja tu, nikaona Mwalimu amekunja midomo. Lakini mkulima alipofika kwenye jibu la ekari zilizolimwa kila msimu, alivuta kiti akakaa. Mwaka 1882 ekari 6. Mwaka 1883 ekari 15. Mwaka 1884, 22. Mwaka 1885, 34. Mwaka 1886, 41. Alipitisha kidole juu ya tarakimu hizo, akarudi juu kutazama tarehe ya kifo, akashuka tena. Akaanza kueleza, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwetu, kwamba kuvunja mbuga ambayo haijawahi kulimwa, kwa maksai wawili, mtu hodari anatoa kama ekari moja kwa siku ikiwa udongo umekubali, na kwamba mtu mmoja hutembea nyuma ya plau akiikandamiza isiruke juu ya mizizi.

Kisha akauliza ni nani aliyeshika plau mwaka 1885.

Mwalimu akamjibu kwamba mwanamume pekee ndani ya nyumba ile alikuwa babu yake yeye anayeuliza, naye alikuwa na umri wa miaka miwili.