Miche ya tungule ilivyoacha kurefuka ovyo

Jamani mie hapa Chake Chake nna chumba cha uani naotesha miche ya tungule, yaani nyanya, meza yangu futi 4 kwa 2, nikanunua taa moja ya LED ya wati 100 nikaitundika katikati nikajua nishamaliza. Siku ya kumi miche ya kati mizuri, mifupi, ya pembeni mirefu myembamba kama uzi na yote imeinamia katikati, roho iliniuma kweli. Kwanza nikaipandisha taa juu ili mwanga ufike kingoni, ukaenea lakini ukapungua nguvu kila mahali. Nikachukua simu yenye programu ya kupima mwanga, nikaiweka kati halafu pembe moja moja, pembeni haufiki hata nusu! Basi nikaitoa ile taa nikafunga mbili za wati 50, kila moja katikati ya nusu yake ya meza, umeme ule ule. Ukuta nikaupaka chokaa nyeupe, hii watu wanaidharau lakini inarudisha mwanga sana. Zinawaka masaa 14, taima inazima yenyewe. Miche ya pembeni sasa huitofautishi na ya kati, shina nene, juzi nimeihamishia shamba.