Nilivyoikusanya Historia ya Uchaguzi wa Baraza la Jiji la Nairobi

Baraza la Jiji la Nairobi halipo tena. Uchaguzi wa Machi 4, 2013 ndio uliolizika, pamoja na mabaraza mengine ya miji, manispaa na wilaya kote Kenya, yote 175, kazi zake zikachukuliwa na kaunti. Sisi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, tulizoea kuliita kanjo, na hata leo askari wa kaunti akipita wachuuzi wanakimbia wakisema kanjo imekuja. Lakini ukiuliza ni nani waliochaguliwa kutuwakilisha humo tangu uhuru, kila mtu anakupa orodha yake. Mimi nilitaka orodha moja inayosimama, kwa sababu watu wa mtaa wetu wanaendelea kudai kiwanja kilichonyakuliwa, na swali la kwanza wanaloulizwa ni diwani wa wakati huo alikuwa nani.

Nilianza na wazee. Mmoja wao, mfanyakazi mstaafu wa baraza, nilimuuliza: "Mzee, mwaka wa 1983 hapa mlimchagua diwani gani?" Akanitazama. "Mwanangu, diwani wa wapi? Meya alishaondolewa. Tulikuwa chini ya Tume."

Jibu hilo ndilo lililonipa uti wa mgongo wa kazi nzima. Mnamo Machi 1983 serikali ililivunja baraza lililoongozwa na Meya Nathan Kahara, ikaweka Tume ya Jiji yenye makamishna wa kuteuliwa. Kwa hiyo Wakenya wengine walipochagua madiwani mwaka huo, na tena 1988 katika zile kura za mlolongo za KANU, chama tawala, ambapo watu walipanga foleni nyuma ya wagombea, Nairobi haikuchagua hata mmoja. Pengo hilo lilidumu hadi Desemba 1992. Ndani yake, Mei 1990, kijiji cha Muoroto, makazi ya mabanda hapa Nairobi, kilibomolewa, na waliobomolewa nyumba hawakuwa na diwani wa kumwendea wala wa kumnyima kura baadaye. Kwenye daftari langu sikuiacha miaka hiyo ikiwa mitupu. Niliandika kila mwaka: Tume, hakuna kura.

Baada ya wazee nikaenda kwenye maandishi. Chombo kilichonisaidia kuliko vyote ni Gazeti Rasmi la Kenya, lile linalotoka Ijumaa, ambalo nakala zake za zamani sasa nyingi zinasomeka kwenye intaneti. Humo kuna mambo ambayo kumbukumbu za watu huyachanganya: nafasi iliyobaki wazi diwani akifa, tarehe ya uchaguzi mdogo, na majina ya madiwani wa kuteuliwa. Hawa wa kuteuliwa ndio chanzo cha mabishano mengi mtaani. Mtu anaapa kwamba fulani alikuwa diwani, na ni kweli alikaa barazani, ila hakuna wadi iliyompigia kura.

Hesabu za kura zenyewe nilizitafuta katika magazeti ya kila siku, kwenye maktaba ya McMillan pale mjini. Nafurahi kwamba nilifanyia kazi hiyo hapo. Jengo hilo lilifunguliwa 1931 na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake, kisha likaja kuwa mikononi mwa baraza hilohilo nililokuwa nikiliandika. Mbinu iliyonifaa ni kutoishia kwenye gazeti la siku ya pili baada ya kura. Siku hizo za mwanzo kurasa zinajaa rais na wabunge; diwani anapewa nafasi siku chache baadaye, kwa herufi ndogo.

Miaka ya 1960 ilinishika zaidi ya nilivyotarajia. Charles Rubia alikuwa meya wa kwanza Mwafrika, 1962, kabla hata ya bendera kupandishwa. Kisha unafika 1968, uchaguzi wa mabaraza ambapo wagombea wa KPU, chama cha Jaramogi Oginga Odinga, wapatao 1,800 nchini, walikataliwa karatasi zao za uteuzi. Ukisoma orodha ya washindi peke yake utadhani nchi nzima iliipenda KANU mwaka huo. Ndiyo maana niliongeza safu ya waliozuiwa kugombea kando ya safu ya walioshinda, na naiona kuwa safu muhimu kuliko zote.

Meya lazima umweke kwenye ukurasa wake. Wananchi hawakumpigia kura. Madiwani ndio waliomchagua miongoni mwao. Margaret Kenyatta, aliyekuwa diwani wa Dagoretti tangu 1963, alipata umeya 1970 kwa njia hiyo, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuushika. Kuanzia 1992 hadi 2007 mpiga kura alipewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani. Desemba 1992 FORD-Asili, chama cha upinzani, ilichukua viti sita kati ya vinane vya ubunge Nairobi, na baraza lililorudi likampa umeya Steve Mwangi.

Mipaka ndiyo iliyochukua muda. Nairobi ilikuwa na maeneo bunge manane hadi 2007. Mwaka wa 2013 yakawa 17, kila moja na wadi tano, jumla 85. Jina la wadi linaweza kubaki lilelile na watu wake wakawa wengine kabisa. Nilichora ramani ya mtaa wetu kwa kila kipindi nikitumia majina ya shule zilizokuwa vituo vya kupigia kura, kwa kuwa shule hazihami.

Anayetaka kufanya hivi kwa baraza lake, iwe Mombasa, Kisumu au Nakuru, aanze na matoleo ya Gazeti Rasmi ya miezi ya mwanzo ya 1993, 1998, 2003 na 2008, yaani baada tu ya kila uchaguzi mkuu wa Desemba, kisha arudi nyuma. Na aende kwa wazee mapema, akiwa na majina mkononi, maana mzee akisikia jina la mpinzani wake wa zamani, hapo ndipo anapoanza kusimulia.