Leso kwenye mlango wa kioo

Siku nilipomwandikia mama mdogo kwamba Jumanne jioni sipatikani, niko darasa la pole, aliniuliza nani kafiwa. Nikamjibu hakuna aliyefiwa. Basi hiyo pole mwampa nani, tena kila wiki? Ikabidi nimtumie sauti ndefu nikimweleza kwamba hilo ni neno la Kizungu, maana yake mlingoti, na kwamba kuna watu wanaulipia ili waupande, wazunguke juu yake na wajining'inize kichwa chini. Naye akanirudishia sauti ya sekunde tatu: "Na mwavaa nini?"

Mama mdogo ana kipaji cha kwenda moja kwa moja penye kidonda. Maana swali hilo ndilo lililoivuruga studio yetu tangu mwezi wa pili.

Studio yenyewe iko Leeds, Uingereza, ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa kiwanda cha sufu. Mimi huona kichekesho hapo: pahali palipofumwa nguo karne nzima, leo twaingia kuzivua. Kuna milingoti minane, kila mmoja una unene wa milimita 45, umekazwa kutoka sakafuni hadi darini. Nina miaka 43, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na kazi yangu ni kukaa kitini kutwa nzima na simu masikioni nikiwatuliza watu waliokasirishwa na bili. Mgongo uliuma, daktari akasema nitafute zoezi, jirani akanivuta huku. Hiyo ndiyo hadithi yote, haina siri ndani yake.

Darasa la kwanza nilikwenda na taiti ndefu na fulana ya mikono mirefu. Kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimeoga nikajipaka mafuta ya nazi kuanzia shingoni hadi vidoleni, kama alivyonifunza marehemu bibi, kwamba mtoto wa watu hatoki nje amepauka. Mwalimu akanionyesha namna ya kupanda. Nikaukumbatia mlingoti kwa mapaja, nikajivuta, nikatelemka hadi chini kama ndizi iliyomenywa. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu mwalimu akanigusa mkono, akanusa vidole vyake, akacheka. Akachukua kitambaa na spiriti akaufuta mlingoti, kisha akaniambia kwa adabu nikanawe.

Kumbe huku kupauka ndiyo fadhila. Ngozi kavu ndiyo inayoshika chuma, si nguvu za mikono peke yake. Ukitaka kukaa juu ya mlingoti bila mikono, ni paja la ndani linalokubana. Ukitaka kuning'inia kwa mguu mmoja, ni nyuma ya goti na ubavu wa kiuno. Kuna mitindo ambayo mwili wote hubebwa na kwapa au kiwiko kwa ndani. Weka kitambaa katikati, hata chembamba vipi, na umeshuka. Januari, chuma kikiwa baridi, hata ngozi tupu hukataa mpaka upashe mwili joto na kuusugua mlingoti kwa viganja. Ndiyo maana ya zile kaptura fupi, na ndiyo maana mapaja yangu yalikuwa na mavilio ya damu mwezi mzima, nikashukuru Mungu kwamba mama mdogo hayaoni.

Lakini msidhani hiyo ni sheria ya kila mlingoti duniani. Wanasarakasi wa Kichina wana mlingoti wao uliovishwa mpira. Wao hupanda wakiwa wamevaa suruali, mashati na hata viatu, maana mpira hushika kitambaa na ngozi tupu ungeichuna. Na India, hasa Maharashtra, kuna mallakhamb, nguzo ya mbao inayopakwa mafuta ya nyonyo, na wanaume huipanda na kijikaptura tu. Mafuta ambayo mimi nilifukuzwa nayo! Siku hizi kuna hata milingoti iliyovikwa silikoni, ambayo mtu huipanda na taiti yake bila shida. Kwa hiyo mtu anapokwambia huu mchezo hauwezekani bila kuvua, mwulize ni mlingoti gani anaozungumzia.

Narudi kwa ugomvi. Mwenye studio alibandika karatasi mlangoni: kaptura ifunike makalio yote, viatu vya mchuchumio marufuku, taiti ndefu marufuku. Karatasi moja, ikimwambia mmoja aongeze na mwingine apunguze. Kisa cha mstari wa kwanza ni dada mmoja aliyekuja na chupi ya kamba, na mwenzetu aliyekuwa amelala mkekani nyuma yake akinyoosha misuli akalalamika kuhusu mandhari. Kisa cha mstari wa tatu ni mama mmoja wa Bradford, mwenye hijabu, aliyetaka abaki na taiti yake.

Mstari wa viatu nao ulimkasirisha mwalimu wetu kuliko yote. Yeye aliwahi kufanya kazi kwenye vilabu, na hafichi. Alisema vile viatu vya visigino vya inchi saba na nane, na nusu ya mitindo tunayojivunia, tumeipata kwa wanawake waliokuwa wakivua nguo kwa kulipwa, kisha tunakuja kuweka karatasi mlangoni kana kwamba wao ni takataka. Mwenye studio akajitetea kwamba anafuata mashindano. Ni kweli, shirikisho la kimataifa la michezo ya mlingoti, IPSF, lililoanza 2009, linakataza nguo za ndani na viatu vya visigino, na linataka makalio yafunikwe, kwa sababu linahangaika mchezo utambuliwe kama mazoezi ya viungo. Wana haki yao. Lakini sisi ni wanawake kumi wenye migongo mibovu siku ya Jumanne. Nani anatupa alama?

Nami niliulizwa maoni, nikajibu hivi. Pete zitoke, zinakwaruza chuma na zinaweza kumkata mtu kidole. Zipu na vifungo vya chuma, vilevile. Losheni, la. Ya kamba sitaivaa mimi hata nikiahidiwa Pepo, lakini mlingoti twaushirikiana, kwa hiyo nguo iwe inafunika kiasi ambacho sehemu za siri hazigusi chuma nitakachokuja kukishika, na kila mtu aufute akimaliza. Mengine yote ni mavazi ya mwenyewe. Anayetaka taiti abaki na mitindo ya mikono au anunuliwe ule wa silikoni. Anayetaka mchuchumio, avae.

Kisha nikawaambia jambo ambalo naona lilikuwa geni kwao. Kwetu Mombasa, siku ya kumpamba bibi harusi, ukumbi hujaa wanawake peke yao. Unaingia umefunikwa buibui. Mlangoni unalivua, na chini yake kuna magauni ambayo mwanamume wa nje hatayaona maishani mwake: migongo wazi, vifua wazi, dhahabu, asmini. Watu wanacheza viuno mpaka jasho. Bibi zangu, waliokuwa wakali kama pilipili nikitoka bila mtandio, walikuwa wa kwanza kushangilia humo. Hakuna aliyepima urefu wa gauni la mtu. Kinachopimwa ni mlango. Mlango una mama mkali, na harusi nyingi nilizohudhuria miaka hii, simu zinawekwa kwake kabla hujaingia. Mtoto wa kiume aliyeanza kukua hapiti.

Sasa tazameni mlango wetu, nikasema. Ni wa kioo kitupu, na ng'ambo ya ukumbi kuna watu wanaokaanga kahawa, wanapita na magunia huku wakitupa macho. Na kila mwisho wa darasa mwenye studio anasimamisha simu kwenye kiguu chake, anapiga video ya kuweka Instagram, na asiyetaka anaambiwa asogee pembeni. Mnabishana juu ya kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja, na mlango uko wazi kwa Leeds nzima.

Yule mama wa Bradford hakusema kitu siku ile. Alinisubiri kwenye ngazi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hana neno na kaptura, tatizo lake lilikuwa kioo na ile simu, lakini hakupenda kuonekana anawaletea watu dini. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Miezi miwili amekuwa akiteleza kwenye chuma na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Video zimehamishiwa Jumamosi, kwa anayetaka. Karatasi imebanduliwa, imebaki ya pete na losheni. Pazia mwenye studio anasema bajeti bado. Kwa hiyo wiki iliyopita nilichukua leso, ile ninayojifunga kutoka chumba cha kubadilishia hadi kwenye mlingoti wangu, nikaibandika kwa gundi ya karatasi juu ya kioo. Imeandikwa "Hasidi hana sababu". Wenzangu wakataka tafsiri, nikawapa, na mwalimu akasema hiyo ikae hapo daima. Mama wa Bradford alitoka na kaptura, akapanda hadi darini.

Imebaki sehemu ya chini ya kioo, shibri mbili hivi, bado inaonyesha. Leso huja vipande viwili, na cha pili ndicho ninachojifunga sasa. Jumanne nakwenda na gundi. Itabidi nivuke chumba kizima bila leso.