Siku moja maishani mwangu: chokaa, mikoko na bamvua Kilwa Kisiwani

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai natazama maji. Leo ni bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, basi ratiba yangu imepangwa na bahari. Tunavuka kwa dau kutoka Kilwa Masoko hadi kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale ninayoyatunza.

Saa 1 asubuhi. Niko Gereza, ngome ya Wareno ya 1505 ambayo Waomani waliijenga upya baadaye. Mbele yake tumepanda mikoko ili mizizi ishike tope na mawimbi yapungue nguvu kabla ya kugonga ukuta. Nahesabu miche. Miwili imelala, naisimamisha.

Saa 3. Msikiti Mkuu. Ulikuwa umeshapanuliwa msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Leo mgeni wake ni mtini mchanga uliochipua kwenye ufa. Kuung'oa ni kosa, maana mzizi hutoka na jiwe. Naukata taratibu, kisha nauandika daftarini nije kuukagua tena.

Saa 5. Hapa ndipo siku inapoishia kila mara: chokaa. Kuna kiraka cha saruji cha zamani, aliyekiweka nisimtaje. Chenyewe kizima kabisa, ila mawe ya matumbawe yaliyokizunguka yanageuka unga. Saruji haipitishi unyevu kama chokaa, kwa hiyo maji na chumvi hutafuta njia kwenye jiwe.

"Shikamoo, mzee," namsalimu fundi.

"Marahaba, mwanangu. Umeona? Ukuta unataka kupumua."

Fundi anataka chokaa ya kuchoma, na boriti mbili za kuegemeza tao. Tanuu inakula kuni nyingi, na boriti nzuri ni ya mkoko. Asubuhi nimepanda mti, mchana naombwa mti! Mawe ya kuchoma chokaa tunaokota ya nchi kavu, matumbawe hai hayaguswi. Kuni ndizo mtihani.

Saa 8. Wageni wachache. Mmoja anauliza kama hatari imekwisha, kwa kuwa UNESCO iliyaweka magofu haya kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuyaondoa 2014. Nampeleka Gereza aone maji yalipofika.

Saa 10 jioni. Maji yamejaa. Miche imezama, vichwa tu vinaonekana, na ile miwili bado imesimama. Nahodha anapiga mluzi. Kesho kuni za tanuu zinaletwa; kabla hazijashushwa nitauliza zimekatwa wapi.