Kilo kumi nilizozitoa kwenye baiskeli

Baiskeli yangu ya zamani, aina ya Swala, ilikuwa na kilo 21 na nusu. Sikukadiria. Niliitundika kwenye mizani ya mnunuzi wa maharage pale Uyole, Mbeya, ile ya kuning'iniza, katikati ya magunia, naye akanidai shilingi mia tano kama alivyowadai wenye maharage.

Kazi yangu ni kuzungukia wakulima wa parachichi upande wa Rungwe. Lami inatoka Uyole, inapanda hadi Isyonje, kisha inateremka kuelekea Kiwira na Tukuyu. Lakini parachichi hazipandwi kwenye lami. Ukishaiacha barabara kuu ni vumbi na kokoto, na ikinyesha, na Rungwe hunyesha kweli, ni utelezi wa kubeba baiskeli begani. Pikipiki nilikuwa nayo, ikawa inakula posho yote kwa mafuta. Swala nayo nilikuwa naipanda kwa nusu ya safari, nusu nyingine naisukuma kama mgonjwa. Nikaamua kutengeneza baiskeli moja, nyepesi, itakayokimbia lami na isiogope vumbi.

Mwezi wa kwanza sikununua kitu. Nilifungua Swala yote pale kwenye kijiwe cha fundi wangu, mzee aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa, na kila kilichotoka nikakipima. Keria, kilo 1.3. Stendi, karibu kilo nzima. Madigadi ya bati pamoja na vyuma vyake, 1.2. Kifuniko cha mnyororo, gramu 800. Kiti chenye springi kilinishangaza kuliko vyote: kilo 1.8, na mimi kwa miaka saba nilidhani nakalia ngozi tu. Ukijumlisha ni kama kilo sita, na hakuna hata kimoja kinachosaidia gurudumu kuzunguka.

"Bwana shamba," mzee akasema, "umeshamaliza. Iendeshe hivyo hivyo."

Alikuwa na hoja. Anayetaka wepesi bila hela aanze na spana. Ila mimi nilikuwa na matatizo mawili ambayo spana haikuyatatua. La kwanza ni breki za vyuma zinazobana rimu zilizopakwa kromu: zikilowa hazishiki, unabana na baiskeli inaendelea na shughuli zake. Nimeshawahi kuingia kwenye shamba la viazi la watu kwa sababu hiyo. La pili ni gia, na hilo nitalirudia.

Fremu niliipata soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwenye baiskeli za mtumba. Nilikwenda na sumaku ya spika ya redio mfukoni. Inaponata ni chuma, isiponata ni alumini. Niliitaka ya chuma, lakini kile chuma chepesi cha kromoli, siyo bomba nene la Swala. Ukiipiga kwa ukucha inalia, haitoi mlio wa bomba la maji. Kuna watu watakwambia chukua chuma kwa sababu ikivunjika fundi yeyote ataichomelea. Hilo ni nusu kweli. Bomba za kromoli ni nyembamba, katikati hazifiki hata milimita moja, na mashine ya kawaida ya umeme inayochomelea mageti itazitoboa. Zinataka gesi na shaba, na mkono uliotulia. Niliikagua kwenye shingo na chini ya pedali kuona kama rangi imepasuka, maana nyufa hujificha hapo. Kisha nikapitisha kidole gumba kati ya bomba za nyuma, pale tairi linapopita. Kikapita na nafasi ikabaki. Kipimo hicho ndicho kinachoamua kama baiskeli itaenda vumbini au la: fremu ya mashindano hukubali tairi nyembamba tu, na kwenye kokoto za Kikondo tairi nyembamba ni adhabu. Fremu, foki (uma wa mbele unaoshika gurudumu) na krenki yake (mikono ya pedali na gia za mbele): shilingi 150,000. Fremu na foki kwenye mizani ya maharage, kilo 3.3. Za Swala zilikuwa tano.

Sasa tairi. Hapa nilifanya ujinga ambao sitaki mwingine aurudie.

Rimu za alumini nilizonunua ni zile ambazo kila mtu anaziita ishirini na nane. Swala nayo ni ishirini na nane. Nikachukua tairi mpya ya ishirini na nane dukani, nikaivisha kwa mikono bila kijiko cha tairi, nikafurahi jinsi ilivyoingia kirahisi. Mzee alinitazama tu. Nikapuliza. Ilipofika kama paundi thelathini, ukingo wa tairi ukachomoka upande mmoja, tyubu ikatokeza kama ulimi, ikapasuka kwa mlio uliowafanya vijana wa bodaboda walale chini.

"Ndaga," mzee akanipa pole kwa Kinyakyusa, huku anacheka. Kisha akanionyesha maandishi madogo ubavuni mwa tairi ambayo sikuwahi kuyasoma maishani: 40-635. Akageuza rimu: 622. Namba ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi inapokaa kwenye rimu. Swala na baiskeli nyingi za mtindo ule ni 635. Rimu za mtumba za ishirini na nane ni 622. Tofauti ni milimita 13, na wote wanaita ishirini na nane! Zile za ishirini na sita za milimani ni 559, na hizo ndizo zimejaa madukani kwetu. Tangu siku hiyo sitaji inchi dukani, nataja namba ya ubavuni. Tairi za 38-622 zilibidi zitoke Kariakoo, zikaja kama kifurushi kwenye basi, 45,000 kila moja. Gramu 480, wakati ya Swala ilikuwa 900.

Kufunga spoku mzee hakuniachia. Aligeuza fremu miguu juu, akatumia foki yenyewe kama mashine ya kunyooshea, kijiti kimefungwa kwa mpira pembeni ya rimu, gurudumu linazunguka na yeye anasikiliza linapogusa. Baada ya kila duru alizikamua spoku mbili mbili kwa viganja hadi zikalia, ili zikae mahali pake kabla mimi sijazikalia. Kisha akazigonga moja moja kwa kucha, zile za upande wa gia zikiwa na sauti ya juu zaidi kwa sababu upande huo hukazwa zaidi. Mwaka na miezi minne sasa, sijanyoosha gurudumu hata mara moja.

Usukani uliopinda wa mashindano niliujaribu wiki mbili, kwa tamaa ya kuonekana. Vishikio vyake vya breki vinavuta waya kidogo, na breki nilizofunga, zile ndefu za mikono miwili, zinataka waya uvutwe sana. Nilikuwa nabana hadi kishikio kinagusa usukani. Nilipoteremka Kiwira siku moja nyuma ya fuso la ndizi nikaelewa. Usukani ulionyooka ukarudi, na vishikio vyake vinavyoendana.

Gia. Swala ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Pedali ikizunguka mara moja, baiskeli inakwenda kama mita tano na nusu. Tambarare ya Usangu ni raha tupu. Kupanda Isyonje kwa kasi ya kilomita sita na nusu kwa saa, ambayo ndiyo kasi niliyo nayo mlimani, maana yake ni kuzungusha miguu mara 20 tu kwa dakika, kila mzunguko ukiwa sawa na kunyanyua gunia. Magoti hayakubali, unashuka. Krenki ya mtumba ilikuja na gia tatu mbele, ndogo kabisa ina meno 28. Nyuma nikafunga zile gia saba za dukani za 14 hadi 34. Ni za bei ndogo na zina kasoro moja: zinapanda mbili mbili hadi 24, halafu zinaruka ghafla hadi 34, sahani ya ugali. Unaposhika sahani hiyo mara ya kwanza unaona kama mnyororo umekatika. Lakini kwa 28 na 34 mzunguko mmoja ni mita 1.8. Kasi ileile ya mlimani, miguu inazunguka mara 60 kwa dakika. Unapumua, unasalimia watu.

Nilipomaliza, mizani ya maharage ilisema 11.3. Kilo kumi na kidogo zimetoka. Nina kilo 68, kwa hiyo mzigo wote unaopandishwa mlima ulitoka 89.5 hadi 79.3, punguzo la kama asilimia 11. Kwenye mpando wa saa nzima hizo ni dakika saba hivi. Vijana wa mjini wataniambia uzito wa gurudumu unahesabika mara mbili. Ni kweli unapoongeza kasi, lakini kwenye mlima, kwa mwendo wa polepole usiobadilika, kilo ni kilo popote ilipo. Dakika saba nimezipenda. Ila kilichonifanya nisishuke tena Isyonje ni ile sahani ya ugali ya 18,000, ambayo ni nzito kuliko gia ya Swala.

Upepo naupuliza paundi 50. Nikijua siku nzima ni vijijini natoa hadi 40, kokoto zinakuwa mkeka.

Wiki ya kwanza nilifika kwa mama mmoja, mkulima wangu wa miaka mingi, ana miche 60 ya parachichi ya kubebesha, yaani ya kuunganishwa. Nikamwambia anyanyue baiskeli. Akainyanyua kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika jembe. Akaizungusha akaitazama mbele na nyuma, akaiweka chini.

"Nzuri, bwana shamba. Sasa zile ndizi nilizokuwekea utazifunga wapi?"

Ndizi nilizibeba mgongoni, kwenye begi la kompyuta. Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa mzee, tukafunga keria ndogo ya alumini, na kwa kuwa masika yalikuwa yanakuja, madigadi ya plastiki. Sasa hivi ina kilo 12.2.