Moisés Ville: Kijiji cha Ngano, Nzige na Ushirika

Ukitoka mjini Santa Fe, Argentina, kuelekea kaskazini-magharibi, nchi ni tambarare mpaka macho yanachoka: shamba, ng'ombe, seng'enge, kisha shamba tena. Nilianzia kituo cha Palacios, maana kisa cha Moisés Ville kilianzia hapo, kwenye reli.

Agosti 1889 meli Weser ilitia nanga Buenos Aires ikiwa na Wayahudi wapatao 800 kutoka Podolia, iliyokuwa chini ya Urusi. Ardhi waliyoahidiwa haikuwepo tena. Wakaelekezwa kwenye ardhi ya tajiri Pedro Palacios, wakaachwa kando ya reli bila nyumba wala zana. Walilala kwenye mabehewa na mabanda, maradhi yakazuka, watoto kadhaa wakafa. Daktari Wilhelm Loewenthal alipita huko, akaona hali ile, na taarifa yake ikamfikia Baron Maurice de Hirsch, tajiri Myahudi wa Ulaya. Mwaka 1891 Baron akaunda shirika la JCA (Jewish Colonization Association) la kununua ardhi na kuwakopesha walowezi.

Kwenye makaburi ya Moisés Ville, kijiji walichokianzisha walowezi hao, nilikaa kuliko nilivyopanga. Mawe yana maandishi ya Kiebrania, na jua la pale halina huruma. Wengi waliolala humo hawakuzaliwa wakulima. Ngano, nzige na farasi walivijulia huku huku, wakiwatazama magaucho, wachunga ng'ombe wa Argentina.

JCA iliwapa mashamba kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Msaada ulikuwa wa kweli, lakini mfadhili naye ana masharti yake, na madalali wa nafaka hawakuwa na huruma hata kidogo. Mkulima mmoja mwenye magunia yake hapangi bei. Ndiyo maana mwaka 1908 wakaunda La Mutua Agrícola: kununua mahitaji kwa pamoja, kuuza kwa pamoja, kukopeshana. Mimi naona hapo ndipo walipojitegemea hasa, kuliko siku walipokabidhiwa ardhi.

Halafu kuna Kadima, jumba la maonyesho la 1929. Kijiji cha wakulima na jumba kubwa namna ile! Nilisimama langoni nikajiuliza nani alikuwa na nguvu ya kutazama mchezo usiku ilhali alfajiri kuna ng'ombe wa kukamuliwa.

Watoto wao walisoma, wakahamia mijini. Leo Wayahudi ni wachache kijijini. Nami nikaendelea hadi Sunchales, ambako mwaka 1938 vyama vya ushirika vya wafugaji wa Santa Fe na Córdoba viliungana kuunda SanCor, wakauza maziwa yao kwa jina moja.